Waombaji 312, leba haina mtu: kisa cha hospitali moja ya kanisa

Jina la hospitali, wilaya na watu wote waliohusika nimeyaondoa, na vyeo viwili nimevibadilisha ili wasitambulike. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu walioitwa na wenye hospitali mwishoni mwa 2022 kuangalia kwa nini wauguzi wanaondoka. Sehemu ya kwanza ya kisa nimeisikia kwa wenyewe na kuisoma kwenye mafaili. Ya pili nimeiona.

Usuli

Hospitali iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, saa mbili na nusu kwa basi kutoka mji wa mkoa kama mvua haijaharibu barabara. Ina vitanda 140 na ina mkataba wa huduma na halmashauri. Kwa mkataba huo serikali inalipa mishahara ya baadhi ya watumishi, na wanaobaki hospitali inajilipia yenyewe kutokana na fedha za wagonjwa, bima na michango inayozidi kupungua kutoka kwa marafiki wa Ulaya.

Januari 2022 ilikuwa na wauguzi 61. Kati yao 14 walikuwa watumishi wa serikali walioazimwa, na 47 walikuwa wa hospitali. Muuguzi wa diploma aliyeajiriwa na hospitali alianza na Sh 480,000 kwa mwezi. Mwenzake wa serikali, anayesimama naye wodi ileile na zamu ileile, alimzidi kwa karibu Sh 200,000 ukijumlisha mshahara na stahili nyingine. Kila mtu alijua. Tarehe za mwisho wa mwezi, kwenye chumba cha chai, wa serikali walikuwa na adabu ya kutolitaja jambo hilo.

Ili kuelewa kilichofuata lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 2007 nchi ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yanahitaji watu, kwa hiyo vyuo vya uuguzi vikaongezeka, vingi vikiwa vya binafsi. Wazazi wakauza ng'ombe na mashamba ya miti kulipa ada, kwa sababu kwa miaka kadhaa kijana aliyemaliza uuguzi hakukaa mtaani. Kisha 2016 ukaja uhakiki wa watumishi na vyeti, na ajira mpya zikasimama. Miaka iliyofuata vibali vya kuajiri vilitoka kwa vipande vipande. Vyuo havikusimama. Diploma ni miaka mitatu, na mwanafunzi aliyeingia darasani soko likiwa zuri hawezi kugeuzwa njiani likiharibika. Hivyo ndivyo nchi inayolalamika kwa haki kabisa kwamba haina wauguzi wa kutosha ilivyojikuta na wauguzi wenye leseni wanaouza vocha.

Mwaka 2022 mlango ukafunguliwa. Serikali ilitoa kibali cha nafasi 17,412 za walimu na watumishi wa afya, na 7,612 kati ya hizo zilikuwa za afya.

Kilichotokea

Wa kwanza kujua hakuwa katibu wa hospitali. Alikuwa kijana wa duka la kutoa kopi nje ya geti, aliyeishiwa karatasi siku ya pili baada ya tangazo. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, alipita kununua kalamu, akawakuta wauguzi wake sita kwenye foleni, kila mmoja na bahasha ya kaki. Wakamwamkia wote kwa pamoja, kama watoto waliokutwa na maembe ya jirani.

Alimpelekea katibu habari jioni ileile. Uamuzi wa katibu ulikuwa wa haraka na, kwa maoni yangu, ndio uliogharimu zaidi kuliko yote. Hospitali ilikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kuchukua vyeti halisi vya mtumishi anapoanza kazi na kuvitunza kwenye kabati la chuma. Katibu aliagiza kabati lifungwe na ufunguo ukae kwake. Barua za utambulisho zisitolewe. Atakayekutwa ameomba serikalini, mkataba wake usihuishwe.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, hakujitetea sana. Alisema hospitali ilishawahi kumwagika watu hivyo zamani, na safari ile wodi mbili zilifungwa kwa miezi minane. Alitaka kununua muda. Ni sababu inayoeleweka. Ila waombaji wengi walikuwa na nakala zilizothibitishwa tangu zamani, na waliozikosa walikwenda kuapa kwa wakili kwamba vyeti vimepotea. Mmoja alikuja na mjomba wake, karani mstaafu wa mahakama, ambaye alikaa kwenye benchi la mapokezi na kuuliza kwa upole kama hospitali ingependa shauri liamuliwe pale au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Kabati likafunguliwa.

Kilichobaki ni usiri. Baada ya amri ile hakuna aliyemwambia metroni kama ameomba au hakuomba. Kabla ya hapo, anasema, wangemwambia.

Majina yalitoka Juni. Wauguzi 19 kati ya wale 47 walikuwemo, na kila aliyepangiwa kituo alikuwa na siku 14 za kuripoti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mtumishi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, lakini kwa mazoea anayeondoka ghafla hulipa mshahara wa mwezi badala ya notisi. Watu waliopata ajira ya kudumu hawaoni shida kukopa mshahara wa mwezi mmoja kwa shemeji. Kumi na mbili waliondoka kwa barua ya saa 24. Mmoja alimaliza zamu ya usiku, akakabidhi ripoti saa moja na nusu asubuhi, akaweka barua juu ya meza na kupanda basi la saa tatu. Yule aliyekuwa na mjomba alipitia nyumbani kwa metroni: "Mama, nisamehe, nisingeondoka hivi." Metroni alimpa chupa ya asali ya njiani.

Idadi ya 19 haielezi maumivu yalikuwa wapi. Maombi ya serikali yana kikomo cha umri wa miaka 45, na hospitalini hapo vijana wa diploma ndio waliokuwa wamepangwa kwenye vitengo vizito. Kwa hiyo leba ilipoteza sita kati ya tisa. Chumba cha upasuaji kilipoteza watatu kati ya wanne. Kliniki ya nje, yenye kina mama wa miaka hamsini na kitu, haikupoteza hata mmoja.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa bodi: tangazeni nafasi 20. Ndani ya siku kumi yalikuja maombi 312. Nimeona dondoo za kikao, kuna sentensi inayosema "soko limejaa, hakuna haja ya hofu." Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa mbao, alisema kitu ambacho kwa mbao ni sahihi kabisa: ukiona mzigo mwingi sokoni, bei inashuka. Bodi ikashusha mshahara wa kuanzia kutoka Sh 480,000 hadi 400,000. Wote 20 waliopewa barua walikubali bila kuuliza, na bodi ikalichukua hilo kama uthibitisho kwamba ilikuwa ikilipa kupita kiasi siku zote.

Orodha ile ya 312 tuliipitia upya Desemba, karatasi kwa karatasi, kwa siku mbili. Zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kuajiriwa tangu wamalize chuo. Wengine walikuwa wamejitolea zahanati kwa nauli tu. Watu 41 leseni zao zilikuwa zimekwisha muda. Waliowahi kufanya kazi leba kwa mwaka mzima au zaidi walikuwa saba, na kati ya hao saba hospitali ilimwajiri mmoja, kwa sababu usaili ulipangwa kwa alama za mtihani wa kuandika.

Basi Julai hadi Oktoba leba iliendeshwa na wakunga watatu wa zamani na wageni waliosoma vizuri ila mikono haijazoea. Wodi ya daraja la kwanza ilifungwa ili kuokoa watu, jambo ambalo mhasibu alilipinga na alikuwa sahihi: wagonjwa wa wodi ile ndio waliokuwa wakilipa vizuri, nao wakahamia mjini. Zamu zikawa za saa 12. Usiku mmoja wa Septemba mama alitokwa na damu baada ya kujifungua, na muuguzi aliyekuwa zamu, mwenye wiki ya tano kazini, alidhani ni kawaida kwa karibu nusu saa. Mama alipona. Aliongezewa damu na kupelekwa hospitali ya rufaa alfajiri, na dereva wa gari la wagonjwa aliniambia hajawahi kuendesha vile. Tukio hilo ndilo lililofanya tuitwe.

Kufikia Desemba watano kati ya wale 20 walikuwa wameshaondoka. Wawili walipata kazi Dodoma, mmoja mradi wa UKIMWI, mmoja aliolewa, mmoja hakusema.

Tulichoshauri na kwa nini

Jambo la kwanza lililotakiwa na wafanyakazi lilikuwa kulingana na serikali. Tulipiga hesabu: 200,000 mara watu 47 mara miezi 12 ni Sh milioni 112.8 kwa mwaka. Hospitali haikuwa nayo, na bima ilikuwa ikichelewa kulipa. Hata ingekuwa nayo, nilikuwa na shaka. Mtu anayekwenda serikalini hafuati mshahara peke yake. Anafuata ajira ya kudumu, mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uhakika kwamba tarehe itafika na fedha itaingia, na benki inayomkopesha milioni kadhaa kwa kuangalia hati yake ya mshahara. Mei mwaka uleule ilitangazwa kwamba kima cha chini serikalini kimepanda kwa asilimia 23.3, na kila mtu alijihesabia hiyo asilimia. Hati za Julai zilipotoka wengi walio juu ya kima cha chini waliona nyongeza ndogo mno na kelele zikawa nyingi. Sikusikia hata mmoja aliyerudi kwenye hospitali ya kanisa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo hatukujaribu kushindana na mwajiri asiyeshindika. Tulipendekeza mambo manne, na bodi ilikubali matatu na nusu.

La kwanza lilikuwa posho ya kitengo kwa leba, chumba cha upasuaji na watoto wachanga: Sh 90,000 kwa mwezi kwa watu 16. Kwa mwaka ni milioni 17.28. Mshahara wa kuanzia urudi 480,000.

La pili lilikuwa kugeuza amri ya katibu juu chini. Vyeti halisi vyote vilirudishwa kwa wenyewe kwa mkono, na kila mmoja akasaini. Kisha tangazo: ukiomba serikalini, mwambie metroni. Hutaadhibiwa, utapewa barua ya utambulisho. Ukipangiwa, tupe siku ulizo nazo zote na umkabidhi mwenzako kazi, nasi tutakulipa haki zako siku ya kuondoka badala ya kukuzungusha miezi mitatu. Hapa bodi ilisita zaidi kuliko kwenye fedha. Mzee mmoja aliuliza, "Yaani tuwasaidie kutuacha?" Metroni alimjibu kwamba wanaondoka hata hivyo, tofauti ni kama yeye atajua Jumatatu au atajua kitanda kikiwa kimeshalowa damu.

La tatu lilikuwa kutafuta watu ambao foleni ya serikali haiwahusu. Waliopita miaka 45. Wenye ndoa na mashamba palepale. Na wakunga wastaafu: wilaya ile ilikuwa na wanne waliostaafu wakiwa na afya njema, wawili wakiwa wamechoka kukaa nyumbani. Watatu walikubali mikataba ya mwaka, zamu za mchana tu, kazi yao kubwa ikiwa kusimama pembeni ya wageni leba.

La nne, lile lililokubaliwa nusu, lilikuwa kusomesha wauguzi wa cheti wenyeji wafike diploma. Tuliomba nafasi nane, zikapatikana nne. Na tuliiomba halmashauri watumishi kumi zaidi wa kuazimwa. Walikuja wanne, baada ya safari sita za katibu.

Matokeo

Aprili 2023 kibali kingine kilitoka, nafasi 21,200, za afya 8,070. Safari hii metroni alikuwa na daftari. Wauguzi 16 walijiandikisha kwake kwamba wameomba, na waliopata walikuwa 11, wote wakiwa kwenye daftari. Hakuna aliyeondoka kwa saa 24. Watatu waliandika kwenye vituo vyao vipya kuomba siku chache za nyongeza ili wamalize kukabidhi, na wawili walikubaliwa. Leba ilipoteza wawili tu, na hakuna usiku uliokosa mkunga mzoefu wa kuitwa.

Mapungufu yalikuwepo, tena ya kuumiza. Posho ya kitengo ilizua kinyongo wodini. Muuguzi wa wodi ya wanaume mwenye wagonjwa 34 usiku alitaka kujua nani aliamua kwamba kazi yake ni nyepesi, na sikuwa na jibu zuri, kwa sababu haikuwa nyepesi. Ilikuwa tu rahisi zaidi kupata wa kuziba pengo lake, na hilo si jambo la kumwambia mtu usoni. Bima ilipochelewa katikati ya mwaka, posho haikulipwa miezi mitatu mfululizo. Na kati ya wale wanne waliosomeshwa, wawili waliondoka mara baada ya kuhitimu. Mkataba wao ulidai warudishe ada peke yake, wakakopa na kurudisha.

Uchambuzi

Maneno mawili yalichanganywa kwenye kisa hiki, na nadhani yanachanganywa nchi nzima. Kuna uhitaji wa mgonjwa, na kuna uhitaji wenye bajeti. Wa kwanza ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani kwa mwaka 2023, na bara letu ni miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mkubwa. Lakini mgonjwa haajiri. Anayeajiri ni mwenye fedha na kibali, na kwetu huyo ni mmoja mkubwa sana na wadogo wengi waliomzunguka. Mkubwa hapandishi mshahara watu wakiadimika wala haushushi wakijaa. Viwango vyake vimeandikwa kwenye ngazi za mishahara. Bei isiposogea, kinachosogea ni foleni. Mlango ukifungwa foleni inarefuka mtaani. Ukifunguliwa, inahama kwa wiki mbili.

Mfanyabiashara wa mbao alikosea hapo. Aliona waombaji 312 akadhani ni mzigo sokoni. Walikuwa abiria stendi. Hospitali haikuwa ikinunua kazi ya muuguzi kwa bei ya kudumu, ilikuwa ikikodi muda wake wa kusubiri, na alipokubali 400,000 hakuwa anasema thamani yake ni hiyo. Alikuwa anasema sikai sana. Zile 80,000 zilizookolewa kwa kila mtu zililiwa na mafunzo: mgeni leba anahitaji wiki sita kabla ya kuachwa peke yake, yaani Sh 600,000 za mshahara kabla hajaanza kujaza pengo, bila kuhesabu muda wa anayemfundisha. Ukiokoa 80,000 kwa mwezi unahitaji akae karibu miezi minane ndipo urudishe. Watano hawakufika mwezi wa sita.

Kosa la pili lilikuwa kuhesabu wauguzi kama kitu kimoja. Hata serikali, pamoja na wingi wa waombaji wa 2022, ilibakiwa na nafasi 736 za afya kwa kukosa wenye sifa. Kwenye kijitabu cha bodi palikuwa na mstari mmoja: "wauguzi, 61". Leba yake ilikuwa imeshakauka na mstari bado unasomeka vizuri. Nimependekeza kwa kila hospitali niliyopita tangu hapo iandike kwa kitengo, na pembeni iandike umri.

Kufungia vyeti kulikuwa kosa la haki kwanza, halafu la akili. Kulimnyima metroni kitu pekee ambacho hospitali ndogo inaweza kumzidi mwajiri mkubwa, yaani kujua mapema. Wastaafu ndio walionishangaza. Niliwaweka kwenye pendekezo kama nyongeza, na wakawa ndio uti wa mgongo. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kumshika mkono mgeni na kuuweka kwenye tumbo la mama aliyejifungua, bila kusema neno, mpaka mgeni aseme mwenyewe kama mji wa mimba umekaza au haujakaza. Hilo sikuwa nimeliandika popote kwenye taarifa.

Kusomesha watu kwa mkataba bado sijui niseme nini. Tulipata wawili kati ya wanne. Kwa bei ya ada si mbaya. Kwa kina mama wa cheti waliokataliwa zile nafasi nne nyingine, na ambao mpaka leo wanaamini wao wasingeondoka, ni mbaya.

Mwanzoni mwa 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa na mikataba ya miradi ya UKIMWI kuanza kukatwa, katibu alinipigia simu kwa furaha kidogo. Alikuwa na maombi ya wauguzi wazoefu, miaka sita, miaka minane kazini, wengine wakiwa tayari kupokea chochote. Nilimuuliza wangapi kati yao wamewahi kuzalisha. Akaniambia nisubiri aangalie. Alirudi kwenye simu baada ya muda mrefu: wawili, na mmoja ana miaka 44.